Siku ya Kwanza Bila Raundi

MPWA: Wasikilizaji wetu, karibuni tena. Leo tunarekodi Muheza, kibarazani kwa mwenyeji mwenzangu, kwa hiyo mkisikia jogoo au bodaboda mtuvumilie. Mjomba, shikamoo.

MJOMBA: Marahaba mwanangu. Wasikilizaji, hamjambo.

MPWA: Nimemaliza utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini baada ya chuo, mwezi uliopita. Sisi madaktari wapya tukikaa pamoja mazungumzo yetu ni hayo hayo: ajira zitatangazwa lini, nani anakwenda kusomea ubingwa, nani amepata njia ya kwenda nje ya nchi. Sijawahi kumsikia hata mmoja akijiuliza atakuwa nani akifika miaka 60. Basi leo nakuuliza wewe, maana umefika.

MJOMBA: Nimefika na kupita, sasa nina 68. Nilistaafu 2017. Utumishi wa umma unakuruhusu kuondoka kwa hiari ukiwa na 55, na ukifika 60 ni lazima. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa, maprofesa na madaktari bingwa wakaruhusiwa mpaka 65. Mimi sikuwa bingwa. Nilisoma Muhimbili wakati ule bado ni Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikamaliza 1984, nikapelekwa Kagera, na tangu hapo nimekuwa daktari wa wilaya mpaka siku nimekabidhi funguo.

MPWA: Kesho yake ilikuwaje?

MJOMBA: Niliamka saa kumi na moja alfajiri. Nikaoga, nikapiga pasi shati, nikavaa, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Mkazamjomba wako akaniuliza, "Unakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Miaka 33, saa moja na nusu asubuhi nilikuwa kwenye ripoti: nani kalazwa usiku, nani kafariki, mama gani amefika na uchungu wa siku mbili. Ghafla hakuna ripoti, hakuna raundi ya kupita vitandani. Nilikaa hivyo hivyo na shati langu mpaka jua likapanda. Hilo halikuandikwa kwenye barua ya kustaafu, na semina ya wastaafu niliyokwenda ilizungumzia kuku wa mayai na hatifungani.

MPWA: Tumalize hilo la fedha, kwa sababu najua wapo wanaosubiri.

MJOMBA: Fedha ni muhimu, sitalidharau. Sisi tuliotoka kabla ya mabadiliko tulilipwa nusu ya mafao kwa mkupuo. Kikokotoo kipya, yaani hesabu mpya ya mafao, kilipoanza Julai 2022 mkupuo ukawa asilimia 33, na 2024 serikali ikapandisha, 40 kwa waliokuwa wakipata nusu zamani na 35 kwa wengine. Hesabu yako ifanye ukiwa na 50, si mwezi wa mwisho. Mimi yangu niliiweka kwenye machungwa haya unayoyaona. Yanazaa. Lakini mti wa mchungwa haukuulizi kitu, mwanangu. Nimezoea kuulizwa.

MPWA: Darasa lenu bado mnawasiliana?

MJOMBA: Tuna kundi la WhatsApp. Tulikuwa wachache, tunafahamiana kwa sauti. Mmoja alikwenda Botswana miaka ya tisini, wakati wengi walikwenda huko kwa ajili ya mshahara, akazeekea huko huko. Mmoja ana maduka mawili ya dawa. Mmoja mchungaji. Yuko aliyekuwa hodari kuliko sisi sote chumba cha upasuaji, leo mikono inatetemeka, hawezi kushika hata kikombe kilichojaa. Huyo tukipiga simu ya picha huficha mikono chini ya meza. Na asubuhi nyingi kundi linaamka na taarifa ya msiba.

MPWA: Kuna swali huwa najiuliza. Daktari akiacha tiba akafanya kazi nyingine, amepotea? Nyumbani kwetu mama anaona hivyo. Nikitamka tu kwamba naweza kufanya kitu kingine, anakumbuka ada aliyolipa.

MJOMBA: Mwambie mama yako, na ni dada yangu, kwamba nchi hii ilianza hivyo. Dokta Vedastus Kyaruzi, mtu wa Bukoba, alisoma udaktari Makerere. Mwaka 1950 akawa rais wa chama cha TAA, kile kilichokuja kuizaa TANU. Wakoloni wakaona daktari huyu anawasumbua Dar es Salaam. Wakamhamishia hospitali ya gereza la Kingolwira, karibu na Morogoro, halafu wakamsogeza mbali zaidi, Nzega. Nilipopelekwa Kagera nilikuta wazee wanalitamka jina lake kwa heshima. Tulipopata uhuru, ndiye aliyekuwa balozi wetu wa kwanza Umoja wa Mataifa. Sasa huyo alipotea?

MPWA: Na Kenya, Dokta Njoroge Mungai. Alisomea udaktari Stanford, akarudi akafungua kliniki, akawa daktari wa Mzee Kenyatta, waziri wa afya wa kwanza, baadaye waziri wa mambo ya nje. Siasa ilipopungua akalima maua ya kuuza Ulaya. Daktari wa rais anashughulika na waridi! Mimi hilo linanifurahisha kuliko uwaziri.

MJOMBA: Mimi anayenigusa ni Profesa Miriam Were. Alikuwa mwalimu kwanza, akaandika riwaya, kisha akaingia udaktari Nairobi, akahitimu 1973. Badala ya kukaa hospitali kubwa akaenda vijijini Kakamega, akafanya kazi na wanakijiji wenyewe wachague watu wao wa kushughulikia afya, vyoo, chanjo, maji. Baadaye aliliongoza Baraza la Taifa la Kudhibiti Ukimwi la Kenya. Wajapani walipompa Tuzo ya Hideyo Noguchi mwaka 2008 alikuwa na miaka 68. Umri wangu huu. Watu wa umri wangu tunaitwa tukate keki, yeye anapokea tuzo ya kazi ambayo bado anaifanya.

MPWA: Sasa nikubishie kidogo.

MJOMBA: Nibishie.

MPWA: Wakati wenu ukimaliza tu wizara inakupangia kituo. Leo tunamaliza wengi, vijana wenye vyeti vizuri wako nyumbani wanasubiri tangazo. Halafu unakuta mstaafu amerudishwa kwa mkataba kwenye kiti kile kile. Mimi nawaheshimu wazee, lakini hilo linauma.

MJOMBA: Linauma, na una haki. Kiti nimekiacha, sikitaki. Ninachokitaka ni Alhamisi moja kwa mwezi nisimame pembeni ya kitanda pamoja na ninyi. Bila mshahara, bila ofisi. Nilipeleka barua ya kuomba hivyo katika hospitali moja, jina lake sitalitaja. Nikaambiwa hakuna utaratibu. Nikarudi baada ya miezi mitatu, utaratibu bado haupo.

MPWA: Ungetufundisha nini Alhamisi hiyo ambacho hatukipati chuoni?

MJOMBA: Nikuambie nilichokikuta Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi Tanzania walitambuliwa huko, 1983. Mimi nikafika mwaka unaofuata, kijana, nina stethoskopu mpya. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana. Wanakuja wamekonda, wanaharisha, midomo myeupe kwa fangasi, na mimi sina kitu. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini 2004. Hesabu mwenyewe. Miaka 20 nimetibu ugonjwa usio na dawa.

MPWA: Mlifanya nini?

MJOMBA: Tulijifunza kukaa. Nesi mmoja mkubwa, Mhaya, ndiye aliyenifundisha. Alinikuta napita haraka kitanda cha dada mmoja kwa sababu sina la kumwandikia. Akanishika mkono, akanirudisha, akavuta stuli. Tukampaka midomo glisirini, tukamgeuza asipate vidonda, tukamuuliza watoto wake nani atabaki nao. Nikagundua lile swali la watoto ndilo lililomfanya alale usiku ule. Wewe umesoma vizuri, unajua dawa za mstari wa kwanza na wa pili. Lakini utakutana na mgonjwa ambaye dawa zako zote zimekwisha, na utataka kupita haraka. Hapo ndipo ningependa kuwepo.

MPWA: Nimeshapita haraka, mjomba. Mwezi wa nne, wodi ya wanawake. Saratani ya shingo ya kizazi. Nilijifanya nasoma faili la kitanda cha pili.

MJOMBA: Wote tumepita. Usijifungie nalo.

MPWA: Hapa kijijini wanakuja kwako?

MJOMBA: Mwanzoni walijaa. Kwa jirani daktari hastaafu. Nikapima presha hapa hapa kibarazani, nikashauri, nikaandika vikaratasi. Mpaka mzee mmoja, rafiki yangu wa msikitini. Kila wiki nampima, presha iko juu, namwambia punguza chumvi, nenda hospitali. Yeye hospitali haendi kwa sababu anasema ana daktari wake. Daktari wake ni mimi. Akapata kiharusi, upande wa kulia wote. Yuko hai, lakini hasemi. Nililia sana, maana nilimpa sababu ya kutokwenda.

MPWA: Pole sana, mjomba.

MJOMBA: Ahsante. Tangu siku ile kibarazani sitibu. Leseni yenyewe inataka kuhuishwa, inataka pointi za mafunzo, na dawa nilizozizoea nyingine zimebadilishwa. Ninachofanya ni kusindikiza. Mtu akija, navaa viatu tunakwenda naye. Nakaa naye kwenye foleni, naingia naye chumbani, namsikiliza daktari kijana, tukitoka namfafanulia kwa Kisambaa au Kibondei. Madaktari vijana mwanzoni waliniogopa, wakadhani nawakagua. Sasa wananiita wenyewe: "Mzee, huyu bibi hataki kukatwa mguu, tusaidie kuzungumza naye."

MPWA: Kwa hiyo Alhamisi yako umeipata.

MJOMBA: Nimeipata kwa mlango wa wagonjwa.

MPWA: Nilitaka kukuuliza na afya yako. Sisi ndio wa mwisho kujipima.

MJOMBA: Ajabu ni kwamba hakuna kundi lililochunguzwa uzeeni kama madaktari. Uingereza, mwaka 1951, Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa nchi nzima kuwauliza habari za sigara, wakawafuatilia miaka 50. Wavutaji walitangulia kufa kwa wastani wa kama miaka 10 kuliko wasiovuta. Lakini kilichonishika mimi ni kwamba hata aliyeacha akiwa na 60 alijiongezea kama miaka 3. Nilikuwa navuta, unakumbuka.

MPWA: Nakumbuka harufu ya koti lako.

MJOMBA: Niliacha mwezi niliostaafu. Doll mwenyewe alikuwa daktari, alitoa ripoti ya miaka 50 mwaka 2004 akiwa na miaka 91, akafariki mwaka uliofuata.

MPWA: Kuna ule utafiti mwingine wa Baltimore, Marekani, ulionitumia.

MJOMBA: Ndiyo. Pale Johns Hopkins, daktari mmoja mwanamke, Caroline Bedell Thomas, alianza 1948 kuwapima wanafunzi wa udaktari wenyewe. Damu, presha, tabia, familia. Darasa baada ya darasa mpaka waliohitimu 1964, zaidi ya watu 1,300, wengi mno wanaume. Wakaendelea kuandikiwa mwaka hadi mwaka mpaka wakawa babu. Mafuta katika damu ya kijana wa miaka 22 yakaja kuonyesha nani moyo utamsumbua akiwa mtu mzima. Lakini swali walilowauliza uzeeni ndilo nililoshindwa kulala nalo. Waliwauliza: ukipata jeraha la ubongo lisilopona, huwatambui watu, husemi, unataka tukufanyie nini?

MPWA: Wakasema nini?

MJOMBA: Wengi mno walikataa. Kukandamizwa kifua, hapana. Mashine ya kupumulia, hapana. Mpira wa kulishia, hapana. Dawa ya maumivu, ndiyo. Watu hao hao waliokuwa wakiwafanyia wengine.

MPWA: Na wewe, mjomba?

MJOMBA: Mimi hivyo hivyo. Nikifika hapo nipewe dawa ya maumivu, nigeuzwe, midomo ilainishwe. Kifua msikikandamize. Nisipelekwe Dar kwa gari la wagonjwa usiku. Nataka kuwa hapa, dirisha liwe wazi.

MPWA: Mkazamjomba anajua?

MJOMBA: Hajui.

MPWA: Watoto?

MJOMBA: Nao hawajui. Miaka yote hiyo nimewauliza watu wengine swali hili kwenye korido, wakati mgonjwa mwenyewe hawezi tena kujibu. Nyumbani kwangu sijaliuliza.

MPWA: Yuko jikoni, mjomba.

MJOMBA: Namsikia.

MPWA: Nizime?

MJOMBA: Zima. Kisha mwite, mwambie aje na stuli.