Namna ya Kutambua Maana ya Neno la Kihispania Lenye Maana Zaidi ya Moja

Karibuni, watazamaji. Leo tunajifunza kutambua maana iliyokusudiwa pale neno moja la Kihispania linapobeba maana mbili au tatu. Tafadhali uwe na daftari na kalamu, kwa sababu somo hili halishikiki kwa kutazama tu.

Kwanza, andika sentensi hizi za Kiswahili: “Ua hili limenyauka” na “Ua huu umebomoka.” Hukuhitaji kamusi kujua lipi ni la bustanini na lipi limezunguka nyumba, maana ngeli imekwisha kukuambia. Kihispania hakina ngeli kama zetu, lakini kina jinsia ya kiume, ambayo nomino yake hutanguliwa na el, na ya kike, ambayo hutanguliwa na la, na katika maneno kadhaa jinsia hufanya kazi hiyo hiyo.

Sasa andika el capital, yaani mtaji, na chini yake la capital, yaani mji mkuu. Funika el na la kwa kidole, nawe utaona kwamba hakuna herufi hata moja inayoyatofautisha. Ndivyo ilivyo kwa el cura, padri, na la cura, tiba. Vilevile el orden, mpangilio, na la orden, amri. Mfano ninaoupenda zaidi ni papa: el papa ni Baba Mtakatifu, la papa ni kiazi katika Amerika ya Kilatini, ingawa sehemu kubwa ya Hispania hukiita patata, na ukiweka alama ya mkazo mwishoni, papá, umemtaja baba mzazi. Kwa hiyo nakusihi usiandike kamwe neno jipya daftarini bila el au la, kwa kuwa neno tupu litakupotosha siku utakapolihitaji.

Hatua ya pili inahusu maneno ambayo jinsia haiyasaidii. El gato ni paka, na el gato ni jeki ya gari. Sisi tukisema “mbuzi huyu” tunamkusudia mnyama, na “mbuzi hii” ni ya kukunia nazi, lakini hapa Kihispania hakitupi msaada huo, hivyo soma sentensi hadi mwisho kabla ya kutafsiri: Necesito un gato para cambiar la rueda. Neno rueda, gurudumu, ndilo linalokuonyesha kwamba msemaji anahitaji jeki. Muñeca nayo ni mwanasesere au kifundo cha mkono. Ukisikia me duele la muñeca, anayezungumza anaumwa mkono.

Hatimaye, fungua kamusi ya Real Academia Española, yaani taasisi rasmi ya lugha ya Kihispania, kwenye intaneti, tafuta banco, na usiishie kwenye maana ya kwanza. Teremka taratibu mpaka upate benchi, benki na kundi la samaki, kisha tunga sentensi moja kwa kila maana na uzisome zote kwa sauti.