Cholmondeley: jina refu kwa kalamu, fupi mdomoni

Haya, wa kule nyuma mnanisikia? Sawa. Nimeandika hapo ubaoni Cholmondeley, hebu jaribuni kulisoma... nasikia cholo-mondelei, nasikia chol-mondli, jamani wenyewe wanasema Chamli, silabi mbili tu, imeisha hiyo.

Jina limetoka Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales, na mwanzoni lilikuwa la mahali, sio la ukoo. Kulikuwa na mtu anaitwa Ceolmund, hiyo ni Kiingereza cha kale kabisa, ceol ni merikebu, mund ni ulinzi, afu leah ni pale msitu ulipofyekwa, yaani kwa Ceolmund penye mfyeko. Kwenye kile kitabu cha ardhi cha Mfalme William cha mwaka 1086 wamepaandika Calmundelei. Baadaye wenye ardhi ile wakajiita kwa jina la kijiji chao, kama vile pwani kwetu mtu anavyoitwa Shirazi, jina linakutajia mji hata kama mwenyewe hajawahi kuukanyaga.

Sasa mimi napenda hapa. Watu wakiita jina kila siku wanalimeza katikati, miaka mia kwa mia, ila karani wa hati za ardhi ananakili vilevile alivyoandika mwenzake wa zamani, so mdomo ukaenda zake na kalamu ikabaki. Wengine wa jina hilohilo waliamua kufuata sikio, ndio unakuta Cholmeley, unakuta Chumley. Sir Roger Cholmeley aliyeanzisha shule ya Highgate, London, mwaka 1565 ni wa tahajia hiyo fupi.

Na Kenya tunalijua jina hili bila kujua kwamba tunalijua! Lord Delamere, yule mlowezi mwenye mashamba ya Njoro na Soysambu, jina lake hasa ni Hugh Cholmondeley. Delamere ni cheo tu, ukoo ulipewa mwaka 1821, na ukikifuata hicho cheo kinakurudisha kulekule Cheshire, kwenye msitu wa Delamere, maana yake msitu wa maziwa, maziwa ya maji sio ya ng'ombe. Kwa hiyo miaka yote ile ya Delamere Avenue, kibao pale katikati ya Nairobi kilikuwa kinataja msitu wa Cheshire, mpaka uhuru ulipokuja ikawa Kenyatta Avenue.