Kabla ya Kupanda Tumbawe, Uliza Lililotangulia Lilikufaje

Mwenyekiti, walimu, wanafunzi na nyote mliofika, ahsanteni kwa nafasi hii. Najua wengi mmekuja kuona namna kipande cha tumbawe kinavyobandikwa mwambani, na tutafika huko. Ila niseme mapema: kubandika ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Kinachotutoa jasho ni kuhakikisha kilichoua mwamba wa kwanza hakiui na wa pili.

Msingi nitaupitia haraka. Tumbawe ni mnyama mdogo mwenye mdomo na minyiri, anayejijengea nyumba ya chokaa na kuishi na wenzake kwa maelfu. Ndani ya mwili wake zimo chembe za mwani zisizoonekana kwa macho, ambazo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji sehemu kubwa. Maji yakipanda nyuzi 1 tu juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto, na hali ikadumu wiki kadhaa, chembe hizo hutoka na tumbawe hupauka. Tumbawe lililopauka bado halijafa, lina njaa. Joto likishuka mapema, linaweza kupona.

Sasa kitalu. Mara nyingi ni kamba au fremu iliyoning'inizwa katikati ya maji, mbali na mchanga na mbali na konokono wanaokula matumbawe. Unakata vipande vya urefu wa kidole kutoka kwenye tumbawe mama, na kanuni nzuri ni kutochukua zaidi ya asilimia 10 ya mwili wake, kisha unavifunga. Baada ya hapo ni mswaki. Ndiyo, mswaki wa meno. Mwani huota kwenye kamba na kuvizonga vipande, kwa hiyo lazima mtu ashuke kusugua, akarudi, akasugua tena. Miradi mingi hufia hapa, pale wapiga picha wakishaondoka.

Vipande vikikomaa, baada ya miezi kadhaa au mwaka, hupelekwa mwambani. Unakwangua jiwe mpaka libaki tupu, unaweka saruji au gundi ya epoksi, unakandamiza, halafu unapunga maji kwa kiganja karibu na kipande. Kikicheza hata kidogo, kitoe uanze upya, maana kinachotikisika hakishiki. Kilichotulia huanza kutambaza nyama yake juu ya gundi, na ukirudi baadaye gundi yenyewe huioni.

Aina zenye matawi hurefuka hata sentimita 10 kwa mwaka. Zile za mviringo, ngumu, hazifiki sentimita 2, na kwa muda mrefu watu waliona haina maana kuzipanda. Kilichobadilisha mambo ni ajali. David Vaughan, katika maabara ya Mote huko Florida, alikuwa akihamisha tumbawe kwenye tangi likavunjika vipande vidogo mno. Alidhani vimekufa. Wiki chache baadaye vilikuwa vimekua kwa kasi ambayo hakuitarajia. Kidonda huamsha ukuaji, na vipande vya mama mmoja vikipandwa karibu karibu vikikutana huungana kuwa mwili mmoja. Lakini vipande vya mama mmoja ni pacha watupu: ugonjwa ukimweza mmoja, umewaweza wote. Kitalu chenye mama mmoja ni hatari, hata kikiwa kikubwa.

Nirudi kwenye swali la muuaji. Huko Sulawesi, Indonesia, uvuvi wa baruti uliacha kifusi ambacho hakikupona kwa miongo, kwa sababu watoto wa matumbawe wakitua juu yake, mawimbi hukibiringisha kikawasaga. Wahifadhi wakaweka fremu za nondo zenye pembe sita, zilizopakwa mchanga na kuunganishwa kama wavu, kila moja ikiwa na vipande vyake. Utafiti uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba baada ya miaka 4 mwamba ule ulikuwa unajenga chokaa kwa kasi inayolingana na miamba yenye afya. Watafiti wenyewe walieleza kwamba aina zenye matawi zilitawala, na hizo ndizo hupauka upesi. Nami naongeza: fremu zile zisingefaa kitu kama baruti ingeendelea.

Linganisheni na mwamba bandia wa Osborne, Florida. Mwaka 1972 walimwaga matairi zaidi ya milioni moja baharini, wakitarajia matumbawe yaote juu yake. Kamba zilizoyafunga zikakatika, matairi yakaanza kutembea na dhoruba na kuigonga miamba hai iliyokuwa jirani. Nia njema ilikuwepo tele.

Ndiyo maana siwezi kukubali elimu iwekwe mwisho wa bajeti, kwenye mstari wa vipeperushi. Angalieni kisiwa cha Apo, Ufilipino. Angel Alcala na wenzake wa Chuo Kikuu cha Silliman hawakwenda na hotuba tu. Waliwapeleka wavuvi wa Apo kwenye kisiwa kingine, Sumilon, ambako eneo lilikuwa limefungwa kwa uvuvi tangu 1974, wakajionea samaki kwa macho yao. Mwaka 1982 watu wa Apo walifunga kipande cha mwamba wao na kukilinda wenyewe. Mvuvi aliyeona chewa wakubwa upande wa pili wa boya la mpaka hahitaji bango. Na ndiye atakayekuwa majini saa kumi alfajiri, wakati sisi wataalamu tumelala.

Kuna aliyeniandikia karatasi hapa: joto je? Swali zito. Julai 2023 maji ya Florida yalipata moto kupita kiasi, na mwamba wa Sombrero, uliopandwa kwa miaka, ulikutwa matumbawe yote yamekufa. Vitalu vingine vilihamishiwa kwenye matangi nchi kavu. Hakuna gundi inayozuia joto. Hilo ni suala la hewa ukaa, na upandikizaji usitumike kulifunika. Kinachobaki mikononi mwa kikundi ni uchaguzi wa mama. Msimu wa joto ukipita, msikimbilie kupanda. Shukeni na ubao wa kuandikia, mtie alama kila tumbawe lililobaki na rangi yake katikati ya yaliyopauka, mpige picha, mrudi baada ya miezi 6 kuona kama bado lipo. Vipande vya mwaka unaofuata vitoke hapo. Karibuni maswali mengine.