Kiti Kilichouzwa: Mhadhara juu ya Norman Lear

Assalamu alaikum. Nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma, sogeeni. Hapa Ngome Kongwe upepo haukatiki, na sauti yangu si ile ya zamani.

Nimeombwa nizungumzie uandishi wa michezo ya televisheni. Nitazungumzia mtu mmoja tu, Mmarekani, Norman Lear, mwandishi na mtayarishaji aliyefariki Desemba 2023 akiwa na miaka 101. Wengi wenu hamumjui, si kosa lenu. Basi nianze na tarehe ambayo hapa hakuna asiyeijua: 12 Januari. Mwaka 1971 sisi tunaadhimisha miaka saba ya Mapinduzi, televisheni Unguja bado. Siku hiyo hiyo, kule Marekani, kituo cha CBS kilirusha kwa mara ya kwanza mchezo wake, All in the Family. Wakubwa wa kituo walikuwa na hofu hata wakatanguliza tangazo la kuwatayarisha watazamaji, na wakaongeza watu wa kupokea simu za lawama.

Wakiogopa nini? Mzee mmoja kwenye kiti. Archie Bunker, mfanyakazi wa Queens, New York, hampendi Mweusi, hampendi Myahudi, hampendi yeyote asiyefanana naye, na yote huyasema sebuleni kwake bila kumung'unya. Ana kiti chake, na ole wake atakayekikalia.

Kiti kile kina asili. Lear alizaliwa mwaka 1922, New Haven, Connecticut, katika familia ya Kiyahudi. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake, Herman, alifungwa kwa kuuza hati za fedha za bandia. Mama akauza vyombo vya nyumba. Mtoto amesimama anatazama, watu wanaingia wanatoka wanapapasa samani, mara akatokea mtu akakinunua kiti cha baba, cha ngozi nyekundu. Mwengine akamshika bega akamwambia sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Miaka tisa! Na sisi tunayo hiyo; nenda msibani popote utasikia mtoto anabebeshwa maneno hayo hayo, na mwenye kuyasema anadhani analiwaza.

Katika Vita vya Pili vya Dunia aliruka safari 52 za mapigano ndani ya B-17, ndege ya kuangusha mabomu. Baadaye akawa Los Angeles, anauza samani na picha za familia nyumba kwa nyumba pamoja na Ed Simmons, mume wa binamu yake. Usiku wakiandika vichekesho. Ili ampate mchekeshaji Danny Thomas, Lear alimpigia simu wakala wa huyo mchekeshaji akijifanya mwandishi wa New York Times, akapewa namba. Mkitoka hapa msiseme mimi nimekufundisheni uongo.

Wazo la Archie lilitoka kwenye mchezo wa Kiingereza, Till Death Us Do Part: baba na mkwewe wanagombana kutwa. Lear alipousikia akamwona Herman mzima mzima. Sehemu ya majaribio aliirekodi mara tatu. Kituo kingine, ABC, waliikataa mara mbili, ndipo CBS wakaichukua.

Nikupeni kipande kimoja. Mkwe wa Archie, Mike, anavaa viatu. Anavaa soksi na kiatu mguu mmoja, kisha soksi na kiatu mguu wa pili. Archie hawezi kuvumilia: dunia nzima huvaa soksi mbili kwanza! Nyumba ikishika moto je, utatoka mguu mmoja una kiatu, mmoja mtupu? Mike anamjibu: na mvua ikinyesha, mwenye kiatu kimoja ataruka kwa mguu mmoja asirowe. Basi. Sisi wa makubadhi soksi hazituhusu, na kwetu mkwe hathubutu kujibizana hivyo na baba mkwe. Lakini tazameni: hakuna siasa hata neno moja, na ugomvi wao wote umo.

Simtakasi. Katika Good Times, mchezo wake mwengine, wa familia ya Weusi wa Chicago, waigizaji walilalamika kwamba kijana wa nyumba amegeuzwa kinyago cha kuchekesha. John Amos, aliyecheza baba, alisema sana, na mwaka 1976 akaondolewa. Mtu aliyetajirika kwa ukaidi wa baba yake, naye ukaidi wa mwengine ulimshinda.

Mimi niliwahi kuandika mchezo wa redio, una mjomba mkali. Wapi, msiniulize. Nikaambiwa nimlainishe, watu wazima wataudhika. Nikamlainisha. Wiki ya tatu hakuna aliyekuwa akiusikiliza, hata mke wangu.

Kiti cha Archie chenyewe kilikuwa cha mtumba, cha bei ya bure. Tangu 1978 ni mali ya makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Sasa Alhamisi kila mmoja aniletee ukurasa mmoja. Nyumbani kwenu, chai ya jioni, nani hukaa wapi, na linatokea nini mwengine akikaa pale. Maneno yaandikeni kama yanavyosemwa, msiyapambe. Majina tu ndiyo mbadilishe. Mji wenyewe huu mnaujua.