Tani Mia Moja za Kuchoma: Safari Ndefu kwa Jicho la Mpenzi wa Ndege

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, na nyinyi vijana mliojaza safu za nyuma, asanteni kwa kufika. Mwenyekiti amenitambulisha kama mpenzi wa ndege. Amenistahi sana, maana nyumbani wanatumia neno jingine. Mtu wa kawaida akipanda ndege ya saa kumi na nne humwomba Mungu usingizi. Mimi humwomba dirisha.

Nitaizungumzia safari ndefu ya ndege kwa kupitia mlango mmoja tu, nao ni mafuta. Nimekaa madirishani kwa muda wa kutosha kuamini kwamba karibu kila unachokisikia na kukihisi ukiwa umefungwa mkanda, chanzo chake ni mafuta: yalivyo mengi mwanzoni, yanavyopungua njiani, na kile kiasi cha mwisho ambacho rubani hakigusi. Ukishalijua hilo, safari haichoshi. Au tuseme inachosha kidogo.

Chukueni Boeing 777-300ER, ndege ambayo bila shaka wengi humu mmeshaipanda hata kama hamkuuliza jina lake. Uzito wa juu kabisa inaoruhusiwa kupaa nao ni tani 351 na nusu. Matangi yake yanaingia lita 181,000 na ushei, sawa na tani 145 hivi. Kwa hiyo yakijazwa, asilimia 40 ya kile kinachojikokota kuelekea mwanzo wa barabara ya kurukia ni mafuta. Sisi abiria na masanduku yetu ni nyongeza tu. Sasa sikilizeni namba ya pili: uzito wa juu wa kutua ni tani 251. Tofauti ni tani mia moja! Ndege iliyopaa ikiwa imejaa, ikipata hitilafu baada ya dakika kumi, kwa kawaida haigeuki na kutua papo hapo. Huyamwaga mafuta angani kupitia mirija iliyo nyuma ya mabawa, au huzunguka mpaka yapungue. Moto ni habari nyingine. Hapo rubani hutua na uzito wake wote, mafundi wakaja kukagua baadaye.

Ndiyo maana kupaa kwa safari ndefu hakufanani na kupaa kwa safari ya saa moja. Ile ndogo inakurupuka. Hii kubwa inaanza kama haitaki. Injini zinanguruma, unahesabu moyoni, sekunde thelathini, arobaini, taa za pembeni zimeshakuwa mstari mmoja, na magurudumu bado yako chini. Jirani yako ameanza kushika mkono wa kiti. Wakati huo wewe tazama ncha ya bawa. Utaiona inainuka yenyewe kabla pua haijainuka, bawa limeshaanza kubeba wakati kiwiliwili bado kinabingirika. Kwenye Boeing 787 na Airbus A350, zenye mabawa ya nyuzi za kaboni, linapinda kwenda juu kiasi cha kumtisha asiyejua.

Msitishike. Mwaka 1995 Boeing walilikunja bawa la 777 kwa makusudi, ndani ya jengo, mpaka likakatika. Lilitakiwa kuhimili asilimia 150 ya mzigo mkubwa kabisa linaotarajiwa kukutana nao katika maisha yake ya kazi. Lilikatika kwenye 154, ncha ikiwa imeinuliwa zaidi ya mita saba. Kwa hiyo ukiliona linacheza mbele ya macho yako kwenye msukosuko wa hewa, liache licheze, ndivyo lilivyoundwa.

Na mafuta yana kazi nyingine humo mabawani ambayo watu hawaifikirii. Hewa inalisukuma bawa juu, mafuta yaliyomo ndani yanalivuta chini, na mvutano huo unalipunguzia mkazo pale lilipoungana na kiwiliwili. Kwa sababu hiyo ndege nyingi kubwa huanza kuchoma mafuta ya tangi la katikati, lile lililo chini ya miguu yenu, na ya mabawani hubaki kwa baadaye.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, ambalo abiria wengi hulipitia wakiwa usingizini.

Saa ya kwanza imepita, vyombo vimekusanywa, taa zimezimwa. Skrini inasema futi 31,000. Mdadisi atauliza: mbona nimesikia ndege huruka futi 39,000? Jibu ni kwamba hii bado haiwezi. Juu kule hewa ni nyepesi na injini hunywa kidogo, kila rubani angetamani kuwa huko, lakini bawa lenye mzigo wa zaidi ya tani 300 halipati hewa ya kutosha kuuegemeza. Basi ndege inapanda kwa ngazi, kwa kadiri inavyochoma. Kila ngazi ni futi 2,000, kwa sababu ngazi za katikati ni za wanaokuja upande wa pili: kwa kanuni ya jumla waendao mashariki hushika maelfu ya witiri, 31, 33, 35, na waendao magharibi hushika ya shufwa.

Ngazi hiyo unaweza kuikamata ukiwa kwenye kiti chako. Ni usiku wa manane, kila mtu kajifunika blanketi. Mngurumo uliokuwa umetulia kwa saa tatu unapanda sauti, kidogo tu, wengine hawageuki. Sakafu inalalia nyuma. Maji kwenye glasi yako yanakaa mshazari, upande mmoja umekaribia ukingo kuliko mwingine. Dakika mbili tatu hivi, kisha mngurumo unashuka, maji yanalala sawa, na skrini inasema 33,000. Maana yake tumechoma vya kutosha kuruhusiwa kupanda. Mimi huona raha ambayo siwezi kumweleza mke wangu.

Hesabu ya mafuta ina uchungu wake pia, maana mafuta hayabebwi bure. Kila tani ya ziada uliyoibeba, takriban kilo 30 hadi 40 zake huteketea kila saa kwa kazi ya kuibeba tani hiyohiyo. Safari ikiwa ya saa mbili hutajali. Ikiwa ya saa kumi na nane, sehemu kubwa ya ulichopakia ni nauli ya mafuta yenyewe. Mwangalieni Singapore Airlines anavyofanya kati ya Singapore na New York, zaidi ya kilomita 15,000 bila kutua, saa 18 na zaidi. Ndege ni Airbus A350-900ULR, matangi yake yamefikishwa lita 165,000, na viti ni 161 tu. Daraja la kawaida halimo kabisa. Nafasi ya kuweka watu wengine mia ipo, lakini watu ni uzito.

Biashara hii ya kupunguza watu ili kubeba mafuta si ya leo. Kati ya 1943 na 1945, vita vikiwa vimefunga njia nyingine, Qantas walirusha ndege za majini aina ya Catalina kutoka Perth, Australia, hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Zilikaa angani kati ya saa 27 na 33. Abiria walikuwa watatu tu. Zilikwenda kimyakimya bila kutumia redio, zikijiongoza kwa nyota, na kwa kuwa zilichelewa hivyo, waliomo waliona jua likichomoza mara mbili katika safari moja. Nikimsikia mtu analalamika kwamba skrini ya kiti chake haifanyi kazi, huwa nawakumbuka hao watatu.

Upepo nao ni mafuta. Huko juu, hasa katika maeneo ya kati ya dunia kaskazini na kusini, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukiipata mgongoni umepewa mafuta bure. Februari 2020, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, ikisaidiwa na dhoruba iliyoitwa Ciara, na kasi yake juu ya ardhi ikapita kilomita 1,300 kwa saa. Watu wakaandika kwamba imepita kasi ya sauti. Haikupita. Ndege inapimwa kwa hewa inayoizunguka, na hewa yenyewe ilikuwa inakimbia nayo. Kwa hiyo ukiona kwenye ramani ya skrini mstari umejikunja kusiko na sababu, usidhani rubani kapotea. Mara nyingine sababu ni umbo la dunia, njia fupi kwenye tufe haionekani fupi kwenye karatasi, lakini mara nyingi ni rubani anayeufuata upepo au kuukwepa.

Kuna mzee pale mbele anatikisa kichwa, nadhani anafikiria bahari na injini mbili. Swali zuri, hata kama hajaliuliza. Mwaka 1953 Marekani iliweka kanuni kwamba ndege ya injini mbili isiende mbali zaidi ya dakika 60 kutoka uwanja ulio karibu, ikihesabiwa mwendo wa injini moja. Ndiyo maana kwa miaka mingi bahari zilikuwa za ndege za injini tatu na nne. Mwaka 1985 kampuni ya TWA iliruhusiwa kupita Atlantiki na Boeing 767 kwa dakika 120, miaka michache baadaye zikawa 180, na leo A350 inaweza kupewa kibali cha hadi dakika 370. Injini zimekuwa za kuaminika, ni kweli. Lakini ruhusa hiyo ina sharti la mafuta: wapangaji wa safari huchukulia kwamba katika sehemu mbaya kuliko zote katikati ya bahari, hewa ya ndani imevuja na injini moja imezimika, ndege imelazimika kushuka chini ambako injini hula zaidi, na bado iwe na mafuta ya kufika. Hayo yako ndani ya bawa usiku huo, wewe ukichagua filamu.

Baridi je? Nje kule ni nyuzi 50 na zaidi chini ya sifuri. Mafuta ya ndege ya Jet A-1, ambayo ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa, huanza kuganda kwenye nyuzi 47 chini ya sifuri, na marubani wanacho kipimajoto cha tangi wanachokitazama. Yakikaribia huko, hushuka ngazi au huongeza mwendo ili msuguano wa hewa uyapashe. Hata hivyo tatizo lililotokea London tarehe 17 Januari 2008 halikuwa mafuta kuganda. Ilikuwa 777 iliyotoka Beijing. Matone ya maji yaliyokuwemo ndani ya mafuta yaligeuka barafu, barafu ikaziba njia ya kuelekea injini zote mbili wakati wa kutua, na ndege ikaanguka kwenye majani kabla ya kufika kwenye lami. Watu 152 walitoka wote hai. Kifaa kile kilichozibika kikasanifiwa upya.

Mabaki ya baridi hiyo mnaweza kuyaona kwa macho. Mkishuka kwa ngazi baada ya safari ndefu, mtazame chini ya bawa. Hata kama uwanjani kuna joto la kutoa jasho, utaona ukungu mweupe wa barafu umetanda kwenye bati, na umekomea pale mafuta yaliyobaki yanapokomea. Mara nyingi huweza kusoma kwa jicho kiasi kilichosalia.

Na kilichosalia si kingi, ingawa hakikubaki kwa bahati. Ndege hufika ikiwa na mafuta ya kwenda uwanja mbadala, na juu ya hayo dakika 30 za kuzunguka kwenye futi 1,500. Rubani akiona kwamba atatua akiwa ameshaziingia zile 30, anatakiwa kutangaza dharura hapo hapo, wala haoni haya.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nimalizie na swali ninaloulizwa kila mahali, la kiti. Kaeni dirishani, nyuma ya bawa na si juu yake. Ukiwa nyuma utaona vibao vya ukingo wa bawa vikitoka kimoja kimoja wakati wa kushuka, na vile vya juu vikisimama wima magurudumu yanapogusa. Kwenye ndege nyingi kuna alama ndogo ya pembetatu ukutani juu ya dirisha. Imewekwa ili wafanyakazi wa ndege wajue bawa linaonekana vizuri kutoka wapi. Kisha chagueni upande ambao jua haliko. Upande wa jua utafungiwa pazia na jirani mwenye usingizi, tena hutaona kivuli cha ndege juu ya mawingu, kikiwa kimezungukwa na duara la rangi. Ni upande huo usio na jua utakaoona kivuli cha dunia yenyewe kikipanda jua linapozama, utepe wa buluu iliyoiva na waridi juu yake. Ukiona na ndege nyingine inapita mbali ikiacha mstari mweupe, ujue mstari ule nao ni mafuta: kila kilo inayoungua huzaa kilo moja na robo hivi ya maji, na baridi huyageuza barafu.

Haya, maswali. Tuanze na yule mzee.