Nguo ya Kuazima: Mwigizaji Ndani ya Vazi la Shujaa

Mabibi na mabwana, wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mnisamehe kuanza na matako mbele ya hadhara, lakini sijapata methali inayomfaa zaidi mwigizaji wa filamu za mashujaa. Sura ni yake, jasho ni lake; mhusika ana mwenyewe, na mwenyewe huyo ni kampuni.

Mtazameni Spider-Man, ambaye jina lake la kawaida ni Peter Parker. Mwaka 2014 kompyuta za Sony zilidukuliwa, na katika nyaraka zilizovuja mlikuwamo mkataba wa mwaka 2011 kati ya Sony, watengenezaji wa filamu zake, na Marvel, kampuni yenye mhusika. Umeeleza Peter Parker ni mtu wa namna gani: nguvu zake zimetokana na kuumwa na buibui, kalelewa na mjomba Ben na shangazi May. Havuti tumbaku. Hauzi dawa za kulevya. Haui, ila kwa kujilinda au kulinda wengine. Hata rangi yake iliandikwa: Mzungu. Huyo ni kijana wa kubuni, na masharti yake yanazidi ya bwana harusi!

Watu hushtushwa sana na orodha hiyo. Mimi hainishtui. Mwigizaji mzuri atamcheza asiyevuta sigara na utamtazama bila kupepesa. Sharti zito ni jingine: shujaa lazima arudi. Samuel L. Jackson alisaini filamu tisa kwa mpigo; Chris Evans, sita. Sasa mtu mwenye mkataba wa filamu sita akining'inia juu ya shimo katika ya pili, nani atashika roho? Mtazamaji anajua, mwigizaji anajua, na hofu anayotakiwa kuionyesha usoni inabidi aitoe mahali pengine kabisa.

Uhuru, basi, hupatikana wapi? Nionavyo mimi, hupatikana pale mwenye mali hajajua bado kama ana mali. Filamu ya Iron Man, iliyotoka mwaka 2008, ilipigwa picha muswada ukiwa haujakamilika. Jeff Bridges, mmoja wa waigizaji wake, ameeleza jinsi walivyokuwa wakitunga maneno papo hapo. Robert Downey Jr. aliutumia mwanya huo, na Tony Stark tunayemjua, shujaa wa filamu hiyo, akazaliwa humo. Hupatikana pia mhusika akianza kuchosha: Chris Hemsworth mwenyewe amekiri kwamba alishamchoka Thor, shujaa aliyekuwa akimcheza, na ndipo katika filamu iliyotoka mwaka 2017 mwongozaji Taika Waititi akaachiwa amgeuze mchekeshaji, wakichomekea maneno kila siku ya kazi.

Lakini mfano ninaoupenda ni wa Chadwick Boseman. Alipopewa T'Challa, yaani Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, kwa ajili ya filamu ya mwaka 2016, kulikuwa na wasiwasi kama watazamaji wangeweza kuvumilia lafudhi ya Kiafrika filamu nzima. Boseman akakataa katakata kuiacha. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mfalme wa nchi ambayo haikuwahi kutawaliwa na wakoloni atajifunzaje kusema kama Mwingereza? Kwenye seti alikuwapo John Kani wa Afrika Kusini, aliyemcheza baba yake, na Kixhosa kikawa lugha ya Wakanda.

Hapa ndipo penye utamu, na penye uchungu vilevile. Filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Kile alichokipigania mtu mmoja kikawa kanuni ya nchi nzima ya kubuni. Kila aliyeingia Wakanda baada yake alikuta lafudhi ikimngoja mlangoni kama sare ya kazi. Uhuru wa mwigizaji wa kwanza ukawa mpaka wa waliomfuata.

Boseman alifariki Agosti 2020. Marvel wakatangaza kwamba T'Challa hatachezwa na mtu mwingine. Vazi lenyewe halikuzikwa. Mwaka 2022 alilivaa Letitia Wright, anayemcheza dada wa T'Challa katika hadithi, Mwingereza aliyekulia London, na alipofungua kinywa ilitoka lafudhi ileile.