Wanawake wa Kiyahudi Wanaobisha Hodi kwa Watunga Sheria wa Marekani

REHEMA: Karibu, msikilizaji. Leo tunalizungumzia Baraza la Taifa la Wanawake wa Kiyahudi nchini Marekani, chama ambacho kwa zaidi ya miaka 130 kimekuwa kikiwatuma wanachama wake, walio wengi wakijitolea bila malipo, kuzungumza na watunga sheria kuhusu wahamiaji, malezi ya watoto, uteuzi wa majaji na afya ya uzazi. Kaka Daudi, mada hii umeipendekeza wewe, nami nilikuuliza kwa nini tusianze na makampuni makubwa yanayotumia mamilioni ya dola kuwashawishi wabunge hao hao.

DAUDI: Ahsante, Dada Rehema. Makampuni hayo hayana fumbo, kwa kuwa kila mtu anajua kwa nini mlango unafunguliwa mwenye fedha anapobisha. Hawa walinivutia kwa sababu tangu zamani walijenga desturi ya kwenda kwanza kulitazama jambo lenyewe lilipo, kuandika walichokiona, na ndipo wakaenda kwa mbunge wakiwa na karatasi mkononi.

REHEMA: Hebu tuanzie Chicago, mwaka 1893.

DAUDI: Mwaka huo Chicago iliandaa Maonyesho ya Dunia, na ndani yake kukawa na Bunge la Dini za Ulimwengu, yaani mkutano wa watu wa dini mbalimbali. Hannah Greenebaum Solomon, mama wa mji huo huo, alitakiwa kuwakusanya wanawake wa Kiyahudi. Simulizi ya chama chenyewe inasema kwamba wanaume waliokuwa wakipanga ratiba ya upande wa Wayahudi waliwapa wanawake kazi ya kukirimu wageni kwa kahawa, wakakataa na kuandaa kongamano lao wenyewe. Katika kongamano hilo la Septemba ndipo Baraza lilipoanzishwa, naye Solomon akaliongoza hadi mwaka 1905.

REHEMA: Lakini mwanzoni halikuwa chama cha kushawishi Bunge. Wanawake wa Marekani kwa jumla walikuwa bado hawajahakikishiwa kura. Marekebisho ya 19 ya Katiba yalikuja mwaka 1920.

DAUDI: Ni kweli, na hilo ni muhimu. Kazi iliyowapa sifa mapema ilikuwa katika kisiwa cha Ellis, kituo cha kupokea wahamiaji kwenye bandari ya New York, ambako waliweka watu wao kuwapokea wasichana waliosafiri peke yao kutoka Ulaya Mashariki. Waliwahoji kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, wakahakikisha kwamba anwani waliyopewa ni ya jamaa wa kweli, kisha wakafuatilia walikofikia, kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakiwavizia wasichana hao na kuwaingiza katika ukahaba. Mwanamke aliyeifanya kazi hiyo miaka kadhaa, halafu akasimama kuzungumza kuhusu sheria ya uhamiaji, alikuwa akilijua jambo ambalo seneta aliyekaa mbele yake hakulijua.

REHEMA: Na baada ya kupata kura?

DAUDI: Vyama kadhaa vya wanawake viliunda kamati ya pamoja ya kufuatilia miswada katika Bunge la Marekani, na Baraza lilikuwa miongoni mwao. Tunda la kwanza la umoja huo lilikuwa Sheria ya Sheppard-Towner ya mwaka 1921, iliyotenga fedha za serikali kuu kwa ajili ya afya ya akina mama na watoto wachanga. Fedha zake ziliachwa zikome mwaka 1929, baada ya wanasiasa kuona kwamba wanawake hawapigi kura kama kundi moja. Mwaka 1944 Baraza likafungua ofisi yake Washington, na mwakilishi wake, Olya Margolin, akakaa katika kazi hiyo zaidi ya miaka 30.

REHEMA: Sasa tufike kwenye uchunguzi wa vituo vya kulelea watoto, kwani nadhani hapo ndipo hoja yako inaposimama au kuanguka.

DAUDI: Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanachama wa matawi mengi, katika miji mbalimbali, waliingia katika mamia ya vituo na nyumba za watu waliokuwa wakilea watoto wa wazazi wafanyakazi. Walihesabu watoto kwa kila mlezi, wakatazama vyoo na sehemu za kulala, wakauliza ada na mishahara. Matokeo yalikusanywa na Mary Dublin Keyserling, mchumi aliyewahi kuongoza Ofisi ya Wanawake katika Wizara ya Kazi, na ripoti ikachapishwa mwaka 1972. Ilieleza kuwa vituo vingi, hasa vile vya biashara, vilikuwa duni, huku familia zisizo maskini wa kutosha kupata msaada wa serikali na zisizo na uwezo wa kulipia malezi bora zikibaki bila pa kukimbilia.

REHEMA: Hata hivyo hawakushinda. Bunge liliupitisha mswada wa maendeleo ya mtoto mwaka 1971, mswada ambao ungeanzisha mtandao wa kitaifa wa malezi, na Rais Nixon akaukataa kwa kura ya turufu mwezi Desemba mwaka huo huo. Ripoti ilichapishwa wakati mswada umekwisha kufa. Nakuuliza basi, Kaka Daudi, ushahidi huo wote uliwafaidi nini?

DAUDI: Sitaki kuupamba ushindi ambao haukuwapo. Ninachoweza kusema ni kwamba kura ya turufu haikufuta walichokiona, na ripoti yao iliendelea kutajwa katika mijadala ya malezi kwa miaka mingi. Tena walirudia njia hiyo hiyo kwa watoto waliowekwa mahabusu: walikwenda kwenye mahakama za watoto na vizuizi vyake, wakachapisha ripoti nyingine katikati ya muongo huo, mara tu baada ya Bunge kupitisha sheria ya mwaka 1974 iliyozitaka majimbo yaache kuwafungia watoto kwa makosa kama utoro wa shule.

REHEMA: Kuna jambo la kisheria ambalo wasikilizaji wetu wanaofanya kazi katika asasi za kiraia watalipenda. Chama cha hisani Marekani hakiruhusiwi kabisa kumpigia debe mgombea, ila kinaruhusiwa kushawishi kuhusu miswada kwa kiasi.

DAUDI: Na kiasi hicho ndicho chenye ladha. Tangu mwaka 1976 chama kinaweza kuchagua kupimwa kwa fedha kilizotumia katika ushawishi: asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yake, kisha asilimia inapungua, na kwa vyovyote hakivuki dola milioni 1 kwa mwaka. Mfanyakazi wa mshahara anayekwenda kumwona seneta anaingia katika hesabu hiyo. Mama aliyejitolea kwenda naye haingii, kwa kuwa saa zake hazikulipiwa. Na kwa mbunge, huyo mama ndiye mwenye uzito, maana anatoka jimboni na ana kura.

REHEMA: Tusilipite suala la utoaji mimba, ingawa najua litawagawa wasikilizaji. Baraza linautetea uhuru wa mwanamke katika jambo hilo kwa hoja ya dini. Linarejea kitabu cha Kutoka katika Biblia, sura ya 21, ambapo watu wanaogombana wakimwumiza mwanamke mjamzito hata mimba ikaharibika, anayehusika hutozwa fidia, ilhali mwanamke mwenyewe akipata madhara, adhabu ni uhai kwa uhai. Kwa usomaji huo, wanasema, sheria inayoipa mimba hadhi kamili ya mtu inawabana katika imani yao.

DAUDI: Baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuondoa ulinzi wa kikatiba wa utoaji mimba tarehe 24 Juni 2022, hoja hiyo ilihamia kwenye mabunge ya majimbo. Lakini tuwe waadilifu: shirika la Agudath Israel la Wayahudi wa Kiorthodoksi, yaani wanaoshika sana mapokeo ya dini yao, liliipokea hukumu hiyo kwa furaha. Mbunge anayeambiwa na mgeni wake kwamba Wayahudi wanasema hivi au vile ana haki ya kuuliza ni Wayahudi gani.

REHEMA: Nami nina shaka nyingine. Kujitolea mchana wa siku ya kazi kunahitaji mtu anayeweza kuacha kazi, au asiyeitegemea. Historia hii ni ya wanawake ambao wengi wao walikuwa na waume wenye kipato kizuri.

DAUDI: Shaka hiyo ni halali, na wake hao walipoanza kuajiriwa kwa wingi, vyama vya namna hii vilipungukiwa na mikono. Texas inaonyesha ugumu wenyewe. Bunge la jimbo hilo kwa kawaida hukutana siku zisizozidi 140 kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, kwa hiyo miswada husongamana, na vikao vya kamati huweza kuendelea hadi usiku wa manane. Anayetaka kutoa ushahidi hujiandikisha mapema, halafu husubiri kwa saa nyingi apewe dakika chache za kusema. Mwalimu mwenye kipindi kesho yake asubuhi, au muuguzi wa zamu ya usiku, atasubiri vipi?

REHEMA: Juma lijalo tutaanzia kwenye swali hilo, kwa kuwatazama wanaojaribu kulijibu kwa ushahidi wa maandishi. Kwaheri, msikilizaji.